Nafasi Kumi na Tatu

Darini kwetu Mkomani kuna waya wa shaba.
Umeanzia kwenye tangi letu la maji
ukaishia nyumba ya pili, kwa Bi Khuleita,
aliyeniruhusu kwa sharti moja:
kila Jumamosi ni kamba yake ya kuanikia.

Kwa hiyo Jumamosi dunia huniona mnyonge.
Shuka mbichi nne, kanzu za wanawe,
na nguvu ninayoipeleka hewani hunirudia redioni
kama mgeni aliyekuta mlango una komeo.
Sisemi kitu. Waya ni wangu, ukuta ni wake,
na hewa, kwa kweli, haina hati.

Siku nyingine nawasha, nakaa.
Maikrofoni ina vumbi. Kompyuta ndiyo isemayo,
kwa vilio vyembamba, kama mbu aliyejifunza hesabu.
Sekunde kumi na tano unasema,
sekunde kumi na tano unanyamaza.
Humo, katika kilohezi tatu tu,
ujia mwembamba kuliko huu wetu unaoshukia msikitini,
hupita watu hamsini kwa mpigo:
Mjapani, Mreno, mzee mmoja wa Samara
asiyetaja kitu ila herufi zake na mraba anaoishi.
Kila mmoja na kistari chake skrinini,
cha manjano juu ya buluu,
bega kwa bega, pasi na kukanyagana.

Marehemu Mwalimu Shekuwe alinifunza:
sikiliza kwanza. Huku hodi hupigwa kwa sikio.

Usiku ule nilisahau.
Kisiwa cha Pasifiki kilikuwa kikiita,
mwamba usio na mtu ila wiki mbili kwa miaka kumi.
Nikaita, nikaita, wakajibiwa wengine.
Basi nikazungusha kitasa. Wati ishirini, arobaini, mia.
Sindano ikaingia kwenye wekundu, taa ya chumba ikafifia,
kistari changu kikavimba, kikaota vivuli pande mbili:
nikawa punda aliyebebeshwa boriti kwa mapana
ndani ya kichochoro,
wala sikusema simila.

Ndipo ukaja ujumbe usio na jina.
Maneno huru hayazidi nafasi kumi na tatu;
ukitaka kusema la moyoni, huna pa kutia sahihi.

PUNGUZA NGUVU

Nikahesabu kwa vidole. Herufi kumi na mbili, pengo moja.
Kiswahili, saa saba ya usiku.
Nani? Karisa wa Malindi, yule fundi wa friji?
Baharia? Mjerumani aliyewahi kukaa Watamu?
Ishara yake ilikuwa hasi ishirini na moja,
yaani mnong'ono chini ya mnong'ono.
Mtu wa wati tano labda, na waya kama wangu,
alikuwa akizungumza na mwenziwe pembeni
nikamwangukia na boriti zangu.

Uso ulinipata moto, peke yangu, gizani.
Nikarudisha kitasa. Arobaini. Ishirini. Kumi.
Nikaandika AHSANTE JIRANI, kama mama alivyoniandikisha,
kompyuta ikaikata ile I ya mwisho: imezidi moja.
Nikaing'oa H. Mama aniwie radhi.

ASANTE JIRANI

Sekunde kumi na tano. Tena kumi na tano.
Hakujibu. Ila kushoto kwangu, pale palipokuwa pameziba,
kikatokea kistari hafifu, kikaendelea na yake,
kama mtu aliyepanda barazani kumpisha punda
kisha akashuka, akakung'uta kanzu.

Kisiwa sikukipata.
Kulipokucha ilikuwa Jumamosi, nikapanda darini.
Bi Khuleita alikuwa katikati ya kuanika,
akaniuliza kama waya unaumia.
Nikamwambia hauumii,
nikamshikia ncha ya pili ya shuka.