Tyubu za Mia Tano

Dukani pale Makole mikanda imelala kwenye kasha,
mitatu, ya rangi, kama pipi za watoto wa wenye nazo.
"Elfu arobaini na tano," kijana akasema,
akaniangalia viatu, akairudisha rafuni
kabla sijajibu.

Daktari wa mazoezi aliandika kwa wino wa bluu:
vuta mpira, mara kumi, asubuhi na jioni.
Hakuandika mpira utoke wapi.
Mimi ni fundi lipu. Jukwaa la mirunda lilikatika Mtumba
mwezi wa nne, na bega langu la kulia tangu hapo
ni mpangaji asiyelipa kodi:
lipo, halifanyi kazi, halihami.

Nikapiga mguu hadi Nkuhungu kwa Ndahani wa baiskeli,
mtu asiyetupa kitu. Ndani ya pipa lake
tyubu zimejiviringa kama matumbo ya mbuzi.
Nikachambua kama achambuaye mlenda:
hii imeoza, hii ina viraka saba,
hii ukiivuta inalia lakini hairaruki.
Ya baiskeli kwa kuanzia. Ya pikipiki kwa baadaye.
Ya bajaji kwa siku nitakayokuwa mtu tena.
"Manati hiyo? Ndege gani hao, mzee mzima?"
Nikamwambia ndege ni mmoja, ameatamia hapa begani.
Akacheka hadi spana ikamdondoka.
Mia tano, mia tano;
ya bajaji akanipa bure, malipo ya kicheko.

Nikaziosha kwa sabuni ya kipande na majivu,
kwa maji yaliyokwisha kufua, maana ya kunywa
hayachezewi hapa mwezi wa kumi.
Valvu nikazikata kwa mkasi wa vitambaa wa Nyemo,
kesi ambayo bado haijaisha.
Vishikio ni bomba la plastiki, vipande viwili,
nikavivika kitenge kisichong'ata kiganja.
Pa kufungia: nondo ya dirisha.

Lililofuata nalisema kwa aibu.
Mvuto wa tatu, nondo ikachomoka
ikaja na nusu ya kingo ya dirisha,
lipu yangu mwenyewe, mchanga mwingi saruji haba,
ya mwaka ule tulipohamia kwa haraka.
Mpira ukanichapa kidevuni.
Ng'ambo ya ua, Mama Chiduo akausimamisha ungo,
uwele wake ukasubiri hewani.

Basi nikachimba uani kwa mkono wa kushoto, siku mbili,
udongo mwekundu, mgumu kama deni,
nikasimika gogo la mkambala.
Kulabu tatu: kifundoni, kiunoni, juu ya kichwa.
Ya juu aliipigilia Nyemo. Mimi sikuifikia.

Nilianza kuvuta kama mtu anayeomba radhi.
Tabitha ananihesabia kwa karanga,
kila mvuto punje moja toka kushoto kwenda kulia.
"Sita, baba."
"Tisa."
"Tatu zilikuwa tamu."
Upepo wa saa kumi unakuja na vumbi lake,
nao unavuta, upande ule ule wa mpira,
nami nafumba macho, nafumba mdomo,
nahesabu mwenyewe.

Jana nikapitisha kitambaa juu ya mlango, mkono wa kulia,
bila kufikiri, na kidole kikaingia kwenye tundu.
Msumari wa koti langu ulikaa hapa.
Nikatafuta mengine nikayaona: la kioo, la redio,
na uani, juu kwenye nguzo, kovu la kamba ya nguo.
Vyote vilishuka mwezi wa nne, kimoja kimoja,
hadi usawa wa kifua changu,
na hakuna aliyeniambia neno,
na mimi sikuuliza.

Leo nimeirudisha kamba. Kamba tu.
Tyubu ya bajaji bado inaning'inia pale, nene, inanitazama.
Nyemo anaanika shuka kwa ncha za vidole vya miguu,
analalamika iko juu mno, nani kaipandisha,
na haishushi.