Ulimi wa Zambarau

Miaka ishirini na sita nafunga mabomba ya vilima hivi,
Igogo, Mabatini, mpaka kule juu
ambako nyumba zimeatamia mawe kama kuku
na maji hupanda kwa kusitasita.
Najua bomba likizeeka linavyofanya:
linaota kutu kwa ndani, kimyakimya,
nje linang'aa, umelipaka rangi mwenyewe,
hadi alfajiri moja maji yanafunguliwa kwa nguvu
na kiungo kinaachia, pwaa,
jikoni kwa mtu.

Kwa hiyo nesi Nyabise aliponifunga kile kitambaa mkononi,
kikavimba, kikaguna, kikashusha pumzi,
akaandika mia sitini na nane juu ya mia na mbili,
sikuhitaji kufundishwa.
Nikasema, Sista, hapo kwetu tunakata kipande, tunaweka kipya.
Hakucheka.
Lushinge, wewe si bomba.

Akachora nyuma ya kadi yangu ya kliniki
duara, na ndani ya duara, duara jingine.
Huu utando, akasema, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
uko hai. Damu ikipita unaisikia,
unaijibu, unaupa mshipa ruhusa ya kutanuka.
Ukichoka, mshipa unakakamaa
kama tyubu ya baiskeli iliyosahauliwa juani.

Chumvi, punguza. Vidonge, kila usiku,
hata siku unayojiona simba.
Na ukipata matunda meusimeusi, kula.
Forosadi. Zambarau.
Zina nini?
Ile rangi, akasema, ileile inayoharibu shati.
Kuna watu walilishwa matunda ya rangi hiyo wiki kadhaa,
ya huko kwao kwenye baridi, si haya yetu,
wakapimwa, mishipa ikaonekana kulegea kidogo.
Kidogo, Lushinge. Na wengine hawakuona kitu.
Sikuuzii dawa.

Nilimwamini kwa sababu ya hiyo "kidogo".
Pale stendi ya Nyegezi kuna bwana mwenye spika
na mzizi mmoja unaotibu magonjwa arobaini.

Sasa, zambarau.
Mtaani kwetu mzambarau ni mmoja tu,
wa Mama Ngollo, ng'ambo ya ukuta,
na mimi ndiye niliyempeleka serikali ya mtaa
mara mbili, kwa maandishi, na muhuri,
kwamba mizizi yake imeingia kwenye bomba langu
ukatwe.
Panga nilikuwa nimeshalinoa.

Desemba, mvua imenyesha, chini kule ziwa limekuwa rangi ya chai,
nikabisha hodi na bakuli la plastiki.
Aliniangalia.
Akaliangalia bakuli.
Akaniuliza kama limekuja na barua.
Kisha akaita mjukuu wake apande,
na yule mtoto akatikisa tawi kwa hasira za bibi yake:
zikaninyeshea kichwani, mabegani,
shati la kazi likawa kama la mtu aliyepigana.

Nilikula nimeketi juu ya jiwe, nyuma ya nyumba.
Utamu kwanza, halafu ule ukakasi
unaokamata ulimi na kuukunja kama karatasi.
Nikaweka kidole kwenye kifundo cha mkono.
Tu. Tu. Tu.
Mtu anagonga kutoka ndani
na mimi, fundi, sina funguo ya kuingia huko.

Mwezi wa pili: mia hamsini na moja, tisini na sita.
Ni vidonge au ni zambarau?
Nyabise akainua mabega.
Au chumvi. Au vile vilima unavyopanda. Hebu toa ulimi.
Nikautoa.
Hapo sasa akacheka, akawaita na wenzake.

Bomba nimelizungusha.
Mita nne za ziada, kwa pesa yangu,
na kona mbili ambazo fundi mzuri asingeziweka.
Mzizi umebaki palepale.