Mipira Miwili

Nyumbani kwetu kulikuwa na mipira miwili.
Mmoja wa kudaka: mweupe, umechubuka upande,
kaka yangu Doru alilala nao kitandani.
Mwingine wa kunyonyea: mwekundu, mita mbili,
uliangikwa kwenye msumari ghalani, chini ya nyumba,
ncha yake ina alama za meno ya babu
na, kandokando yake, meno madogo zaidi.

Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kutoka Orhei,
mvinyo haununuliwi. Huzaliwa.
Kila nyumba ina pipa kama ilivyo na paka.
Mtoto akikohoa huchemshiwa mvinyo na pilipili manga.
Mgeni akiikataa glasi huulizwa nani kamuudhi.
Basi hakuna aliyesema Doru anakunywa.
Tulisema anaonja.
Miaka kumi na miwili, anaonja.
Kumi na mitatu, nyuma ya shule na kina Vasilică, wanaonja.
Kumi na minne, alimtapikia mwalimu wa jiografia viatu,
nami dada yake nikacheka hadi nikashika mbavu.
Naliandika hili kwa wino: nilicheka.

Mama yuko Padova, anamwogesha bibi kizee wa watu.
Jumapili hupiga simu. Sura yake ndogo kiooni,
nyuma yake vigae vyeupe vya bafu la wenyewe.
"Doru yuko wapi?"
"Mazoezini."
Doru yuko nyuma ya mlango, meno rangi ya zambarau,
amejiwekea kidole mdomoni: shhh.

Kidole bado alikuwa nacho.

Usiku wa Mtakatifu Andrea wavulana huiba mageti.
Ni desturi, ni mchezo, asubuhi wenyewe huyafuata
kwenye uwanja wa kanisa, wakitukana na kucheka.
Mwaka ule walilibeba geti la mjane Paraschiva,
watano, na dumu la lita kumi.
Baridi nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Penye kituo cha basi Doru alisema napumzika kidogo.
Wenzake wakaendelea. Walihesabu geti. Hawakuhesabu watu.

Pombe ni mwongo mwenye mikono ya joto.
Ilimwambia kuna jua.
Akavua koti.
Akavua glavu zake za kipa, akazikunja vizuri,
akaziweka kando kama mtu anayekwenda kulala kwao.

Saa kumi na moja alfajiri Anatol wa basi la kwanza
alidhani ni gunia.

Daktari alikuwa mwanamke mchovu, soksi zake hazikufanana.
Hakutugombeza. Alitugongea ukuta wa korido:
"Kichwa cha miaka kumi na mitano ni lipu mbichi.
Kinachokiegemea leo, kinaacha umbo."
Kisha akatutajia vidole, kimoja kimoja,
vitatu vya kushoto, nusu ya kimoja cha kulia,
na babu, aliyekuwa akivua na kuvaa kofia,
akauliza kama vitaota tena.

Siku hizi ghala lina kufuli.
Ufunguo u mfukoni mwa babu, na jagi li mezani kama zamani,
maana chakula bila jagi, asema, ni chakula cha msiba.
Doru ana kumi na saba. Hesabu alizozijua zimemtoka.
Aniuliza leo siku gani, namjibu,
aniuliza.
Kuna wiki hanywi. Kuna wiki sijui.

Jana alikuja Grigoraş wa jirani, miaka minane,
katumwa na baba yake:
mpira wao umepasuka, je, tuwaazime wetu?
Alisimama mlangoni akipangusa kamasi kwa mkono wa sweta.
Nikamwambia umepotea.
Uko chini ya godoro langu. Mpaka leo unanuka.
Akaondoka, hakuamini.

Uani, Doru alikuwa anaupiga ule mwingine ukutani.
Ukirudi haudaki.
Anauacha umgonge kifuani,
anauokota, anapiga tena.