Bitana

Kalenda ya duka la mabati, Tandika,
inaning'inia nyuma ya cherehani yangu.
Wateja hudhani zile alama za chaki ya bluu
ni siku za kuja kuchukua nguo.
Sizikanushi.

Nilianza kuziweka nina miaka kumi na minne,
nyuma ya daftari la hesabu.
Somo wangu akaniambia: chango hilo,
kila mwanamke analo,
akanifundisha kuuma upindo wa kanga
ili walio barazani wasisikie.
Nikawa hodari. Kanga zangu zote zina matobo pembeni.

Tangawizi. Mizizi ya muuza dawa wa Mbagala,
michungu hadi masikio yanaziba.
Kipimo cha mkojo: yutiai.
Kituo kingine: yutiai sugu, sindano tano.
Taifodi. Vidonda vya tumbo.
Kisha picha, jeli ya baridi juu ya kitovu,
na kijana wa mashine, bila kunitazama:
"Safi."

Safi.
Nikarudi nalo nyumbani neno hilo,
nikakaa nalo chooni, haja imegoma kwa maumivu,
ndoo mapajani.
Nimetapika chai. Safi.

"Ukizaa litatulia."
Sikuzaa. Ndipo chango likageuka kosa,
na Hamdani, ambaye hakuwa mtu mbaya,
akaanza kulala kaelekea ukutani.
Siku aliyoondoka alinilipia kodi ya miezi mitatu.

Mwaka wa kumi na saba, kliniki moja Upanga,
Dokta Mbonea akaniuliza
kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Siku hizo, ukienda haja kubwa, inauma?"
Nililia kabla sijajibu.

Baada ya vitundu vitatu vya upasuaji akanieleza:
utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba
umeota nje yake, kwenye utumbo, kwenye kibofu,
na kila mwezi unavuja, damu isiyo na mlango.
Akalitaja jina, endometriosisi,
refu kama treni ya Kigoma.

"Bitana," nikasema.
"Nini?"
"Bitana, dokta. Imeshonwa upande usio wake."
Akacheka kidogo. Akaacha kucheka.
"Haiishi kabisa," akasema. "Tutaituliza."
Mimi ni fundi, kufumua najua.
Ila kuna uzi ukiuvuta wote, nguo inakwenda nao.

Jana mama mmoja kaleta binti, sketi ya shule.
Utepe ulipogusa kiuno, mtoto akajikunja.
"Chango tu," mama akasema, "atazoea."
Nikatoa mguu kwenye pedali.
Juu ya karatasi ya kukatia
nikaandika: Upanga, Jumatano, mlango wa nane.
Mama akaigeuza, anatafuta bei.

"Tangu lini?" nikamuuliza mtoto, si yeye.
"Darasa la sita."

Sketi nikaiweka kando.
Nikampa kipande cha chaki ya bluu.