Konzi

Mianzi ilichanua mwaka ule, mlima kwa mlima,
nasi watoto tukashangilia: nani kati yetu
aliwahi kuona ua la mwanzi katika Mizoramu yote?
Mama hakushangilia. Alikwenda ghalani, akapima kwa macho.
Mbegu zikadondoka, panya wakala, panya wakazaa,
na mbegu zilipokwisha waliteremka, usiku mmoja tu.
Asubuhi mabua ya mpunga yalikuwa yamesimama,
vichwa hamna.

Juu ya meko palikaa kopo la maziwa ya unga,
lina kutu ubavuni, na ng'ombe wake amefutika nusu.
Kila mama alipochota mchele wa chungu,
kabla ya maji, kabla ya moto,
mkono ulirudi, ukafumba konzi moja,
ukalitia koponi. La Bwana.
Asubuhi konzi, jioni konzi,
na Jumamosi Pi Saithangi hupita na gunia na daftari,
huandika jina la nyumba.

Baba alitega panya. Serikali ilinunua mikia,
rupia kwa mkia, tukaifunga kumikumi kwa uzi
kama mafungu ya mboga.
Fedha basi ilikuwepo. Mchele wa kununua ndio haukuwepo,
barabara imemezwa na maporomoko.
Tulichimba viazi vya mwituni, vile vya kuchemsha
na majivu kutwa nzima, ndipo viwashe kidogo.

Na bado konzi.
Nilikuwa na miaka tisa, hesabu nilizijua:
mawili kwa siku, kumi na manne kwa wiki,
chungu kizima tunampa Asiyekula.

Siku moja nikatia mkono koponi.
Mchele mbichi hutafunika, una utamu wa vumbi.
Mama akanikuta mashavu yamenijaa.
Akanipiga konzi la utosi, kavu, likalia ko!
kisha akakigeukia chungu,
akafumba jingine, akafidia nilichopunguza.
Hapo nikaviona vidole vyake. Vilikonda
hata konzi likavuja, punje zikimponyoka
na yeye akizifuata sakafuni, moja moja,
katika nyufa za mianzi.

Usiku aliomba kama kawaida yake, kwa ufupi.
Hakuomba gunia. Hakulitaja lori la serikali.
Alisema leo. Leo, Baba. Hii iliyobaki ya leo.
Nikangoja aseme na kesho.
Akasema amina.

Jumamosi Pi Saithangi alikuja na gunia limejaa.
Kanisa limeamua, alisema, mchele urudi majumbani.
Akatupimia vikombe vinne, akaandika.
Mama akaumwaga kwenye ungo: mchele wa kila namna,
mwekundu, mweupe wa duka, uliovunjika, wenye mawe,
umetoka hata katika nyumba
ambazo nilijua meko yake hayakuwaka.
Nikautafuta wetu. Sikuupata.
Pi Saithangi alikuwa hajamaliza ngazi
mama akafumba konzi.

Nyumba ya Biakthangi, ng'ambo ya korongo,
walimzika mtoto mwaka uleule,
na wao pia walikuwa na kopo lao.
Sina jibu la hilo. Mama hakuwahi kunipa.
Alipeleka viazi, akakaa nao mpaka usiku,
akarudi, hakusema kitu.

Sasa naishi Aizawl. Mshahara huingia kwenye simu,
najua tarehe yake, najua bei ya mchele,
kesho yangu nimeiandika kwenye karatasi ukutani.
Kopo langu ni la plastiki, lina kifuniko.
Lakini nikichota tu, mkono unarudi wenyewe.
Ni mkubwa kuliko wa mama, haujapata kukonda.
Nafumba vidole, nabana, punje isiponyoke,
na utosi unauma kidogo,
palepale.