Tani Tisa

Mnunuzi wa vyuma chakavu katoka Tanga mjini na mizani,
kapiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi:
tani tisa, pamoja na gurudumu.
Sauti hakuiandika.

Sauti ndiyo iliyoiamsha Muheza saa kumi alfajiri,
ikawaita wakataji waliolala na miba mikononi,
ikazungusha korona, ikakwangua jani
mpaka singa nyeupe,
ikamnyang'anya babu masikio,
moja mwaka wa njaa, la pili taratibu.

Sililii moshi, nisisingiziwe.
Mama alifua kanga mara mbili na bado zilinuka dizeli;
kifua chake nakijua.
Tena fundi wa sola ni mimi mwenyewe,
nimezipanga paneli mia na kumi
palepale palipokuwa na nyaya za kuanikia mkonge,
zinaota jua lilelile.

Ila nyumba ya injini nimesema isiguswe.
Meneja akauliza, ya nini? Haizalishi.
Nikamwambia, hata kaburi la baba yako halizalishi,
na hujalilima.

Jana nimemleta babu Shekalaghe.
Akaweka kiganja juu ya inveta mpya, akangoja.
"Mmeizima?"
Nikamwonyesha taa. Inawaka.
Akatikisa kichwa kwa adabu, kama anayesifu
uji wa mgonjwa.

Kisha akavuka sakafu hadi kwenye injini,
akatoa kitambaa mfukoni,
akaanza kufuta kibati cha namba.