Nne na Nukta Moja

Barua ilifika Februari, theluji ikigusa dirisha:
Torgny Wikström, umetimiza sitini na mitano,
njoo upimwe tumbo, dakika kumi, hakuna sindano.
Akaiweka chini ya kopo la kahawa.
"Siumwi," akasema.
Ikakaa pale wiki tatu, ikapata duara la kahawia.

Miaka thelathini na minane alitunza mabomba
kwenye kiwanda cha karatasi cha Piteå.
Alijua kwa kiganja lipi limechoka,
chuma hutuna pale pale kinapokonda,
na bomba halipigi hodi kabla ya kupasuka.
Lake mwenyewe hakuwahi kuligonga kwa spana.

Mimi nilimkumbuka Assar, nduguye,
alivyoshika kiuno jikoni akidhani ni figo.
Aliomba maji.
Glasi haijajaa, naye yuko sakafuni.
Nikaichomoa barua. Nikavaa buti.

Jeli baridi juu ya kitovu, chumba kiza.
Muuguzi Gunvor akatelezesha kifaa chake,
na kwenye skrini mto mweusi ukashuka
mbele ya uti wa mgongo, ukatanuka,
ukawa kiziwa, kisha ukajikusanya tena
kuelekea njia panda ya mapaja.
"Huu ndio mshipa mkuu. Kawaida sentimita mbili.
Wako, nne na nukta moja."

"Unavumilia presha kiasi gani?" Torgny akauliza,
kama mtu anayepokea zamu ya usiku.
Gunvor hakupamba. Leo hakuna kisu.
Ukifika tano na nusu, daktari atapitisha
bomba la kitambaa ndani ya hili la zamani.
Mpaka hapo: kipimo kila mwaka, vidonge vya presha,
na sigara (akatazama mfuko wa shati) basi.

Garini hatukusema neno hadi darajani.
Nyumbani akampigia Östen, mtoto wa Assar:
"Baba yako hakuwa na figo mbovu.
Mwambie daktari wako. Usingoje barua."
Akakata simu, akafuta meza iliyokuwa safi.

Usiku naweka kiganja juu ya tumbo lake.
"Unapima?"
"Nalala."
Chini ya mkono wangu kitu kinagonga,
kinagonga taratibu, kama jirani
ambaye miaka yote hatukujua jina lake.